Shangazi, konstebo ameniletea samansi ya deni la kadi

Shangazi, shikamoo.

Ninaishi Fort Worth, Texas, na mume wangu na watoto wetu wawili. Nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku. Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa nimelala baada ya zamu, nikasikia mlango unagongwa kwa nguvu. Kufungua, nakutana na konstebo mwenye sare, bastola kiunoni. Akaniuliza jina, akanikabidhi karatasi, akaondoka. Jirani wa mbele alikuwa kibarazani kwake anatazama kila kitu. Tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana.

Karatasi zinasema nimeshtakiwa kwa deni la dola 6,870 pamoja na gharama za kesi. Anayenidai ni kampuni ambayo sijawahi kuisikia. Nilipofungua kurasa za ndani nikaona jina la benki iliyonipa kadi ya mkopo mwaka 2019, ndipo nikaelewa.

Kadi hiyo mwanzoni niliitumia vizuri. Kisha mama yangu akaugua figo huko Mwanza. Kwa ndugu zangu mimi ndiye niliye Marekani, kwa hiyo kila ikija bili ya kusafishwa damu simu inalia kwangu. Nikawa natoa pesa taslimu kwenye kadi, natuma. Mama alifariki mwaka 2021. Baada ya mazishi nililipa kidogo, halafu nikashindwa kabisa. Nakumbuka wakati huo deni lilikuwa dola 4,000 na kitu. Tarehe ya malipo ya mwisho siikumbuki vizuri.

Mume wangu hajui. Nilimwambia pesa za matibabu zilitoka kwenye akiba yangu ya kabla hatujaoana.

Dada mmoja tunayesali naye ameniambia nisijibu kitu, kwamba ukijibu umekiri. Kampuni yenyewe imenipigia simu, wanasema nikilipa dola 200 leo mambo yatatulia. Kwenye simu naona matangazo ya watu wanaosema watanifutia madeni yote kama nitakuwa nawalipa wao kila mwezi.

Kuna jambo linalonitesa kuliko yote. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama, na pesa za chama ziko kwenye akaunti yangu, kwa jina langu. Pia nimeomba uraia na nasubiri kuitwa usaili. Je, nitakamatwa? Nitanyimwa uraia?

Halafu, Shangazi, baba yangu alitulea akituambia dawa ya deni ni kulipa. Nilikopa kweli. Nikiandika mahakamani kwamba nakanusha, si nitakuwa nimesema uongo mbele ya Mungu na mbele ya serikali?

Mama wa Wawili
Fort Worth, Texas

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa na mama, na pole kwa kubeba mzigo huu peke yako miaka yote hii.

Kwa sababu siku zilikuwa zinakwisha nilikutumia jibu fupi kwa barua pepe usiku uleule. Sasa naandika kwa urefu, kwa idhini yako, maana wako wengi waliofungia karatasi kama hizo kwenye droo wakidhani zitajipoteza.

Jambo la kwanza, na mengine yote yanangoja nyuma yake: jibu kesi. Tazama juu ya karatasi imeandikwa mahakama gani. Kwa kiasi unachodaiwa, karibu kwa hakika ni Justice Court, mahakama ndogo ya Texas inayosikiliza madai yasiyozidi dola 20,000. Hapo una siku 14 tangu ulipokabidhiwa. Ulikabidhiwa Jumanne, basi siku ya mwisho ni Jumanne ya wiki ya pili yake, na jibu liwe limefika mahakamani. Ingekuwa mahakama ya kaunti au ya wilaya, hesabu ni nyingine: mwisho ni saa 4 asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita. Ndiyo maana nasema soma kwanza jina la mahakama.

Jibu lenyewe ni karatasi moja inayoitwa Answer. Fomu yake iko bure kwenye tovuti ya TexasLawHelp.org. Unaandika namba ya kesi, jina lako, anwani na simu yako, kisha kwamba unakanusha madai yote na unataka mdai ayathibitishe. Huhitaji wakili ili kuiwasilisha, na kuwasilisha jibu hakulipiwi. Unaweza kuipeleka kwa karani mkononi au kwa mfumo wa mtandaoni wa eFileTexas. Mimi ningekwenda mkononi na nakala mbili, karani agonge muhuri kwenye ile ninayobaki nayo. Nakala nyingine mpelekee wakili wa mdai, anwani yake iko kwenye hati ya madai. Ukiwa kwa karani mwambie mapema kama utahitaji mkalimani wa Kiswahili. Hata mtu anayezungumza Kiingereza kizuri kazini hupotea kwenye lugha ya mahakama.

Dada yako wa kanisani anakutakia mema, lakini hapo amekosea, na ushauri wake ndio unaowamaliza watu. Ukinyamaza, hakimu hutoa hukumu ya upande mmoja: mdai anapewa alichoomba kwa makaratasi aliyoleta, bila mtu wa kuuliza swali. Taasisi ya Pew ilitoa ripoti mwaka 2020 kuhusu kesi za namna hii Marekani. Mahali ambapo takwimu zilipatikana, zaidi ya asilimia 70 ya kesi za madeni ziliisha kwa hukumu ya upande mmoja. Wadaiwa waliokuwa na wakili hawakufika hata asilimia 10. Kampuni zinazofungua kesi hizi kwa maelfu zinajua kwamba wengi hawatajitokeza, na hesabu zao zinatokana na hilo.

Usishangae kutolijua jina la anayekudai. Mteja wa kadi asipolipa kwa miezi sita hivi, benki huliandika deni lake kuwa hasara, na mara nyingi huliuza. Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilichunguza wanunuzi wakubwa wa madeni, na katika ripoti ya Januari 2013 ikaonyesha kwamba kwa wastani walinunua kwa senti 4 kwa kila dola moja ya deni. Deni hilohilo linaweza kuuzwa tena kwa mwingine. Kinachohama mara nyingi ni orodha ya majina na namba, na kumbukumbu kamili zinabaki njiani.

Kwa hiyo chukua kalamu, usome hati ya madai kama unayesoma chati ya mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Kanuni za Justice Court za Texas zinamtaka mnunuzi wa deni aeleze benki ya mwanzo ni ipi, akaunti ilifunguliwa lini, iliandikwa hasara lini na kwa kiasi gani, kisha deni lilihama kwa nani na tarehe gani mpaka likamfikia yeye. Kama kipande kimoja hapo katikati hakipo, hilo ni swali la kumuuliza mbele ya hakimu.

Sasa kwenye uongo nataka nikae nawe kidogo, maana naona ndipo moyo wako ulipokwama. Kukanusha mahakamani ni kumwambia anayekudai: umesema, sasa onyesha. Hakimu anaelewa hivyo, wakili wao anaelewa hivyo, na sheria imeweka neno hilo makusudi ili mtu asihukumiwe kwa madai matupu. Wewe mwenyewe umeniandikia deni lilikuwa dola 4,000 na kitu. Wao wanasema 6,870. Hiyo tofauti imetoka wapi? Riba gani, kwa mkataba gani, kwa miezi mingapi? Hujui. Basi huwezi kukiri usichokijua, na ukikiri 6,870 ili uonekane mwema ndipo utakuwa umesema usilolijua. Siku ya kesi, hakimu akikuapisha na kukuuliza kama uliitumia kadi ile, mjibu ukweli. Sijawahi kumshauri mtu adanganye mahakamani, na sitaanza kwako.

Baba yako alisema kweli. Lakini baba yako alimjua aliyemkopesha. Alikopa kwa mtu, akamrudishia mtu yuleyule, na alijua kiasi. Wewe leo anakuja mgeni mwenye karatasi, anasema lipa kwangu. Ukimlipa asiye na haki, aliye nayo anaweza kuja kesho, nawe utakuwa umelipa mara mbili kwa jasho la usiku. Kuomba uthibitisho ni sehemu ya kulipa deni kwa uaminifu.

Kitu kingine cha kutafuta wiki hii hii ni tarehe ya malipo yako ya mwisho. Texas ina ukomo wa miaka minne kwa kesi ya deni la kadi, na kwa kawaida huhesabiwa tangu uliposhindwa kulipa hadi siku kesi ilipofunguliwa mahakamani. Siku konstebo alipogonga si yenyewe, usichanganye. Mama alifariki 2021 na ukalipa kidogo baadaye, kwa hiyo miezi michache huku au huko inaweza kubadilisha kesi yote. Omba taarifa za zamani za benki uliyokuwa ukilipia, na pakua ripoti zako za mikopo kwenye AnnualCreditReport.com, ni bure. Ukiona muda umepita, liandike hilo waziwazi kwenye jibu lako, maana ni utetezi unaopaswa kuuleta wewe. Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inamkataza mnunuzi wa madeni kushtaki kwa deni lililopitwa na muda, na inasema malipo mapya hayalifufui. Majimbo mengine hayako hivyo: kuna mahali ambapo dola 20 tu ulizolipa kwa simu zinaanzisha hesabu upya.

Hizo dola 200 usilipe. Aliyekupigia hana uwezo wa kusimamisha kesi kwa mdomo. Utalipa leo, Jumanne itapita, hukumu itatoka, na zile 200 zitapunguzwa tu kwenye jumla. Wala usiwape namba ya akaunti yako ya benki. Waambie neno moja, waandike barua. Wakikusumbua, jua kwamba kanuni za shirikisho zilizoanza Novemba 2021 zinamhesabu mkusanyaji wa madeni kuwa amevuka mpaka akipiga zaidi ya mara saba ndani ya siku saba kwa deni moja.

Na wale wa matangazo, waache. Tangu 2010 ofisi za aina hiyo zinazouza huduma kwa simu zimekatazwa kuchukua ada kabla hazijamaliza deni hata moja. Nyingi zinakuambia uweke pesa kwao kila mwezi na usiongee na wanaokudai. Wakati unaweka, samansi inaendelea na safari yake, na hakuna anayekwenda mahakamani kwa niaba yako.

Nije kwenye chama. Hili limenikosesha raha mimi pia.

Texas inamlinda mfanyakazi kuliko majimbo mengi. Mshahara wako hauwezi kukatwa kazini kwa deni la kadi, hilo limo kwenye katiba ya jimbo. Nyumba mnayoishi, kama ni yenu, imelindwa, na gari la kwendea kazini pia. Lakini mshahara ukishaingia benki, ulinzi ule unaisha. Mwenye hukumu mkononi anaweza kuiomba mahakama izuie akaunti yako, na benki haiulizi kilichomo ni cha nani. Itaona jina lako. Pesa za wenzako zitazuiwa pamoja na za kodi ya nyumba. Mtaweza kwenda kueleza kwamba ni za chama, ndiyo, lakini fikiria unavyowaeleza akina mama wale, mmoja ana zamu yake ya kupokea mwezi huu na ameshaahidi karo.

Hukumu haijatoka, kwa hiyo muda upo. Waite viongozi wa chama. Huna haja ya kuwasimulia maisha yako, waambie tu kwamba pesa za kikundi kukaa kwa jina la mtu mmoja ni hatari kwa wote, na wewe umeiona hatari hiyo. Kikundi kinaweza kuomba namba ya utambulisho ya kodi kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, bila malipo, kikafungua akaunti kwa jina lake na watia sahihi wawili. Andikeni muhtasari wa kikao, hamisheni senti kwa senti kulingana na daftari, kila mwanachama aone. Mimi ningependa kila chama cha Waswahili nchi hii kifanye hivyo hata pasipo kesi, kwa sababu mweka hazina anaweza pia kuugua, kuachika au kufariki.

Ila tuelewane: hamisha za chama tu. Usichukue pesa zako ukaziweka kwa jina la dada yako ili zisionekane. Mahakama inaweza kubatilisha uhamisho wa namna hiyo, na hapo ndipo utaonekana mwongo.

Kuhusu kukamatwa, ondoa hofu. Hii ni kesi ya madai, si ya jinai. Katiba ya Texas inakataza mtu kufungwa kwa sababu ya deni. Konstebo alikuwa tarishi wa mahakama, hakuja kwa kosa. Unachopaswa kuheshimu ni amri ya hakimu: akikuita, nenda, akikutaka ujibu maswali kwa maandishi, jibu. Fomu ya uraia inauliza kuhusu kodi usizolipa na matunzo ya watoto, kadi ya mkopo haimo. Kama una wakili wa uhamiaji mwambie, asije kulisikia kwingine.

Mume wako. Mwanangu, mwambie kabla ya siku ya kesi. Texas ni jimbo ambalo mali nyingi inayopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili, na akaunti mliyoiandikisha pamoja inaweza kuguswa kwa hukumu yako. Ana haki ya kujua kabla kadi yake haijakataliwa dukani. Lakini hata sheria isingekuwepo ningekuambia hivyohivyo. Ulimficha kwa sababu uliona aibu kwamba upande wenu unaomba sana, au uliogopa atasema mama yako amekula nyumba yenu. Mpe nafasi ya kuwa mtu bora kuliko unayemhofia. Chagua siku ambayo nyote hamna zamu, watoto wamelala. Anza na karatasi ya mahakama mezani na jibu lako lenye muhuri kando yake, aone kwamba umeshachukua hatua. Kisha mwambie pesa zilikwenda wapi. Kama atakasirika, akasirike kwa uongo wa akiba, hapo umemkosea na umwombe radhi. Kwa kumtibu mama yako usimwombe mtu yeyote radhi.

Na ndugu wa Mwanza nao waambie, angalau mkubwa wao. Wengi nyumbani hawajui kwamba pesa taslimu ya kwenye kadi inaanza kula riba siku ileile unapoitoa, pamoja na ada juu yake, na kwamba ndiyo mkopo ghali kuliko kununua kitu dukani kwa kadi ileile. Siwalaumu, hakuna aliyewaambia.

Ukishawasilisha jibu ndipo mazungumzo ya kulipa yanapokuwa na maana. Wakionyesha kwamba deni ni lao na kiasi ni sahihi, unaweza kupatana. Kampuni zilizonunua kwa bei ya chini mara nyingi hukubali pungufu, hasa kwa mkupuo mmoja. Anza chini ya kile unachoweza kweli, na usiahidi kwa kutegemea zamu za ziada ambazo hujapewa. Makubaliano yote yaandikwe kabla hujatoa senti, na yaseme kesi itafutwa kabisa isiweze kufunguliwa tena. Wakikupa karatasi ya kukubali hukumu huku unalipa kidogo kidogo, usitie sahihi bila mwanasheria kuisoma, kwa sababu ukikosa mwezi mmoja hukumu wanayo tayari. Kumbuka pia kwamba kiasi utakachosamehewa kikifika dola 600 unaweza kutumiwa fomu 1099-C, na IRS huenda wakakihesabu kama kipato. Mpelekee anayekujazia kodi, yapo mazingira ya kutolipia.

Legal Aid of NorthWest Texas wana ofisi hapo hapo Fort Worth na hutoa msaada wa bure kwa wenye kipato kidogo. Wapigie kesho asubuhi kabla ya kulala. Mimi ni shangazi mwenye kusoma, wao ndio wanasheria.

Wasomaji mlio nje ya Texas, msinakili hesabu hizi. Ohio, kwa mfano, mtu ana siku 28 za kujibu, na huko mshahara unaweza kukatwa. New York ukomo wa kesi ya kadi ni miaka mitatu tangu 2022. Soma samansi yako, uliza jimboni kwako.

Siku ya kesi ikipangwa, nenda, hata kama wakili wao amekupigia kusema usijisumbue. Fika mapema na taarifa zako za benki, nakala ya jibu lenye muhuri, na kalamu. Wakisema wameifuta kesi, usiondoke dirishani kwa karani mpaka upewe nakala ya amri yenye sahihi ya hakimu.